Pini za Warumi, Mlango Umefungwa

Skola mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuagwa na wanakwaya wenzako, nami nimebaki na begi lako lililofungwa tayari katikati ya sebule. Kesho treni itakupeleka Tabora. Mambo ya chandarua, ya kutoazimisha ndoo na ya kutolala na nywele mbichi sitayaandika. Bibi yako amekwisha kuyasema yote, na bado atayasema tena stesheni. Nataka kukuandikia juu ya sentensi moja niliyoiandika nilipokuwa chuo kikuu. Jumapili mjomba wako Kasiano aliichukua sentensi hiyo akakuchapa nayo mbele ya familia nzima, na mimi niliyeiandika nilikaa pale nikitafuna.

Nina hasira. Nalisema hilo mapema ili usihangaike kulitafuta katikati ya mistari. Nina hasira na kaka yangu, nina hasira na vitabu, na zaidi nina hasira na mwanamke anayeandika barua hii. Wewe huna sehemu katika hasira hiyo, isipokuwa sehemu moja ndogo nitakayoifikia mwishoni.

Unajua nilikotoka. Babu yako alikuwa mhunzi hapo Magamba, kama baba yake alivyokuwa mhunzi kule Ugalla kabla hawajahama. Majembe, mapanga, visu vya kurinia asali, vyote vilitoka mikononi mwake. Mbele ya banda lake lililazwa gogo la mninga. Mwanamke aliyempelekea chakula alikiweka juu ya gogo, akakohoa, akageuka. Tuliambiwa kwamba mwanamke akivuka, moto unakasirika na chuma kinakataa kufulika. Akivuka hata kwa bahati mbaya, moto unamwagiwa maji, majivu yanatupwa, na kazi inaanza upya kesho yake. Mpeleka ugali nilikuwa mimi. Niliweka bakuli, nikakohoa, nikageuka, halafu nikajificha kwenye mahindi nikatazama. Kasiano, aliyenizidi umri kidogo tu, na ambaye cheche moja ikimgusa alilia mpaka kamasi zimtoke, alikuwa ndani anavuta mivukuto ya kupulizia moto.

Kwa hiyo nilijifunza uhunzi kwa macho, bila masikio. Nilimwona babu yako akitoa kipande cha springi ya gari motoni kikiwa chekundu, akakizamisha ndani ya maji, kikatoka kigumu. Nikakariri kwamba chuma kilichotoka motoni kikiingia majini kinakomaa. Alichokuwa akimweleza Kasiano wakati ule, kwamba ni chuma kipi na kwa nini, hakikunifikia kwenye mahindi.

Chuoni nilisoma mambo ya kale. Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alitakiwa kuchagua kifaa kimoja cha zamani na kueleza kilivyotengenezwa. Wenzangu walichagua majembe na mikuki ya huku kwetu. Mimi nilichagua pini za Warumi. Warumi wa kale, wanaume kwa wanawake, walivaa mashuka yasiyoshonwa, kama mzee anavyovaa lubega, ila badala ya kupiga fundo begani walibana kwa pini ya shaba. Watu waliniuliza kwa nini niende mbali kiasi hicho, nikawajibu kisomi. Jibu lenyewe ni kwamba banda la kwetu nilikatazwa, na kwenye banda la Warumi hakukuwa na mtu aliye hai wa kunikataza. Nilirudi nyuma miaka elfu mbili ili niusogelee moto.

Na nilizipenda pini zile. Wewe unazijua, lakini acha nikueleze nilivyoziona mara ya kwanza, kwenye picha. Kulikuwa na zile zilizotoka kwenye kijiti kimoja tu cha shaba iliyochanganywa na bati. Fundi alikifua kijiti upande mmoja mpaka ukawa mwembamba na mrefu kama waya. Akauzungusha mizunguko miwili kulia, akaupitisha chini, akauzungusha miwili kushoto, kisha akaunyoosha ukawa sindano. Mizunguko ile ndiyo iliyokuwa springi. Upande wa pili wa kijiti aliufua ukawa bapa, akaukunja pembeni, ukawa mdomo wa kushikia ncha. Hapakuwa na kiungo wala msumari. Nilikaa maktaba nikiinyonga waya ya daftari kwa vidole, nikijaribu kuelewa mtu wa kwanza aliwazaje jambo lile.

Kwenye sehemu ya kueleza karakana niliandika hivi: fundi alifanya kazi na mwanawe wa kiume, aliyevuta mivukuto.

Hakuna aliyeniambia hivyo. Sikuwa na ushahidi wa kaburi, wala wa mchoro, wala wa jina lililochongwa. Mikono iliyovifua vijiti vile haikuacha neno la kusema ilikuwa ya nani. Niliandika nilichokiona kutoka kwenye mahindi. Nilimchukua baba yangu na Kasiano nikawapeleka Roma, mimi mwenyewe nikajiacha nje na bakuli. Mhadhiri wangu, mwanamke mkali asiyeachia kosa, alinisahihisha koma na nukta, na sentensi ile akaipita. Nilipata alama nzuri. Nilipohitimu niliwasomea watu wa nyumbani kazi yangu, huku nikitafsiri, na nilipofika hapo Kasiano alipiga makofi. Nilidhani anapigia makofi usomi wangu.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe, lakini uliyaona ukiwa mtoto, na mtoto haoni mama yake anaogopa nini. Nilirudi Mpanda kufundisha historia. Jioni nilianza kununua vijiti vya brasi, ile shaba ya manjano, vile vya mafundi wa kuchomelea kwa gesi, nikawa navifua jikoni juu ya kipande cha reli. Vilivunjika. Nilifua, nikafika kwenye mzunguko wa pili, kijiti kikapasuka pale pale kwenye kona. Kingine, hivyo hivyo. Na ujinga wenyewe ni huu: jibu lilikuwa ndani ya kazi yangu ya chuo, kwa mkono wangu, kwa Kiingereza kizuri. Niliandika kwamba shaba ikipigwa inakakamaa, na kwamba fundi aliirudisha motoni mara kwa mara ili ilainike. Niliandika, nikapewa alama, sikuamini. Mkono wangu uliamini mahindi. Kwenye mahindi niliona kwamba ukipasha moto na kuzamisha unakomaza, sasa kwa nini nikikomaze zaidi kitu ambacho tayari kinavunjika? Mtu aliyeruhusiwa kuuliza swali moja tu ndani ya banda lile asingefanya kosa hilo. Mtu asiyewahi kuliona banda naye asingelifanya. Lilikuwa kosa la msichana wa pale nje.

Ulikuwa darasa la tatu. Nilikutuma unisogezee kijiti kutoka pembeni mwa jiko, ukakishika kwa koleo vibaya, kikakuponyoka kikiwa chekundu na kutumbukia kwenye ndoo ya maji ya vyombo. Nilikufokea. Nilisema, "Umekiharibu, Skola." Wewe ulikitoa, ukakipinda kwa vidole vyako vidogo, ukaniambia, "Mama, mbona kimelegea kama tambi?"

Nilikunyang'anya nikakipinda mwenyewe. Usiku ule tulifua pini yetu ya kwanza isiyovunjika, ukapewa heshima ya kuibana kwenye sare yako. Tukajifunza kwamba brasi inaingia motoni ilainike, na kwamba sindano inafuliwa mara ya mwisho ikiwa baridi, ili ibaki na ukakamavu wa kurudi ikivutwa, na baada ya hapo hairudishwi tena motoni. Baadaye tukajaribu zile pini za kumimina. Tulinunua nta kwa wale wanaoleta asali kutoka Ugalla, ukachonga ndege na nyuki, tukavifunika kwa udongo wa kichuguu, tukachoma mpaka nta ikatoka, tukamimina koki za bomba zilizoyeyushwa. Ulikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu tangu mwanzo. Sikukuambia, kwa sababu nilijiambia nitakuvimbisha kichwa. Nakuambia leo.

Lakini mlango wa jiko ulikuwa umefungwa. Nilikufundisha kufunga mlango kabla sijakufundisha kushika koleo. Mama Jofrey wa jirani alipopita na kuuliza, "Mwalimu, mnachoma nini humo kila siku?" nilijibu kwamba ni mahindi. Akasema, "Mahindi mwezi wa kumi na mbili? Yenu yanaota chumbani?" Ulicheka mpaka ukajificha chini ya meza, na mimi nilicheka, na tulikuwa tunacheka uongo wangu. Wanakwaya walipoanza kuvaa pini zetu kwenye vitenge vyao, wakauliza ninazitoa wapi, nilisema ni urembo tu ninaoutengeneza kupitisha muda. Urembo. Ningesema ni uhunzi. Nilikuwa na fuawe ya kipande cha reli, nyundo, koleo na moto, nikauita urembo ili kaka yangu asipate habari. Wewe ulikuwa umesimama pembeni yangu kila nilipolisema neno lile, na masikio yako yalikuwa mazima.

Sasa twende Jumapili, pale kwa bibi yako. Nataka uisikie kutoka upande wangu wa mkeka.

Mjomba wako alikuuliza, "Haya, binti, Tabora unakwenda kusomea nini?"

Ulijibu vizuri, kwa sauti nzima. "Uungaji wa vyuma, mjomba."

"Vyuma? Kwani wanaume wameisha Katavi?"

Watu wakacheka. Bibi yako akasema, "Kasiano, kula, ugali unapoa."

"Mama, niache niongee."

"Nani kakuzuia? Ongea, ila meza kwanza, unamwagia wenzio."

Wakacheka tena, na mimi nikashukuru, nikidhani yamekwisha. Lakini Kasiano hakucheka. Alinigeukia. "Nyie wenye digrii ndio mnaowapotosha hawa watoto, na wakati mnajua. Si ni wewe uliyetusomea hapa hapa? Hata Warumi, watu wakubwa wale, uhunzi ulikuwa wa baba na mwanawe wa kiume. Au nimesema uongo, dada?"

Ulinitazama. Familia nzima ilinitazama, lakini mimi nakumbuka macho yako tu, kwa sababu yalikuwa yanasubiri. Ulijua nitasema kitu. Miaka yote ya moshi wa jikoni ilikuwa ndani ya macho yale.

Nikasema, "Niliandika hivyo."

Basi. Maneno mawili, na ya kweli, na nayaonea aibu kuliko uongo wowote nilioutoa maishani. Kasiano akafungua mikono kama mtu aliyeshinda kesi, akasema, "Umesikia, binti? Kuna ushonaji, kuna upishi. Jamani, simwonei, namkomaza tu." Namkomaza. Nina kopo la maziwa limejaa pini zilizokomazwa namna hiyo, zote zimekatikia kwenye kona.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani tuliongozana mpaka tulipofika barabara ya lami. Halafu ukasema, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kukusikia nayo, "Mama, ushonaji nao si mbaya. Chuoni wanasema wiki ya kwanza wanaruhusu kubadilisha fani." Nikajibu kwamba tutaona. Hata hapo, tukiwa wawili peke yetu, nikajibu kwamba tutaona.

Leo asubuhi, ulipokuwa sokoni, nilikwenda Magamba. Gogo bado lipo, mchwa wamekula upande mmoja. Nililivuka. Kasiano alikuwa anafua jembe, akainua uso, akadhani nimekosea.

"Dada, chakula kinawekwa hapo nje."

"Sijaleta chakula."

Aliweka nyundo chini. Akachukua debe la maji akalimimina lote kwenye moto, mbele yangu, nikiwa nimesimama pale, kama mtu anavyofukuza siafu. Mvuke ulinipanda mpaka usoni, majivu yakanirukia kwenye sketi. Sijawahi kudharauliwa hivyo na mtu anayenipenda. Sikutoka. Nilimwambia, "Ile sentensi ya Jumapili niliitunga. Sikuwa na ushahidi wowote."

"Uliitunga, wakakupa digrii?"

"Ndiyo."

"Basi nyie wasomi mna raha."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Nikamwambia kwamba nafua pini nyumbani miaka yote hii, na kwamba wewe unafua vizuri kuliko mimi.

Akasema, "Pini sio jembe."

"Sio jembe. Jembe hukunifundisha."

Aliokota kaa lililozimika, akalitazama. Alipoongea tena hakuwa yule wa mkekani. "Dada, wewe una mshahara. Mimi mteja wangu jembe likimvunjikia shambani, akisikia mwanamke aliingia humu, harudi tena. Na atawaambia wenzake."

"Na likivunjika bila mwanamke kuingia, unamwambiaje?"

"Namwambia amepiga jiwe."

Alisema hivyo bila kutabasamu, kisha akasikia alichokisema, akageuza uso. Usidhani alibadilika. Alisema kesho hatakuja stesheni, na namwamini. Alisema babu yako angelia. Nikamwambia, "Baba amekufa. Wewe ndiye unayesema, sema kwa jina lako." Akaanza kuzoa majivu. Nilipanda bodaboda na majivu yangu. Nilikuwa nakasirika kwamba nimeyasema mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kusikia. Ningeyasema Jumapili ingetosha pumzi moja. Nimekwisha kumwambia bibi yako kwamba Jumapili ijayo nitakwenda kuyasema upya, watu walewale wakiwepo, na akanijibu, "Njoo, ila usije mikono mitupu, leta na samaki." Wewe utakuwa Tabora. Utasikia kwa simu kwamba mama yako aliharibu chakula cha watu. Ni kweli, nitakuwa nimekiharibu.

Sasa ile sehemu yako.

Ukifika chuoni watakuuliza tena fani yako. Sikuandikii ili uchague vyuma kwa ajili yangu. Mimi nilishindwa kuvuka kwa miguu yangu nikavuka kwa kitabu, na sitaki uwe miguu yangu ya pili. Inawezekana ukae mbele ya cherehani, mkono wako mwepesi ukapenda kitambaa kuliko brasi. Ichague fani hiyo. Nitakuletea mkasi mzuri kuliko wote walionao mjini, na atakayekucheka atanikuta. Lakini ikiwa utaichagua ili watu wale chakula kwa amani siku ya Jumapili, halafu ukanipigia na ile sauti laini ukaniambia umeipenda tu, nitakata simu. Nimeandika hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Sauti ile naijua ilikotoka. Niliifua mimi mwenyewe, mbele yako, kila mtu aliponiuliza nafanya nini nikamjibu jambo dogo kuliko nilichokuwa nafanya. Ndiyo hasira yangu ndogo kwako: umeichukua haraka mno. Ulikuwa na haki ya kunigeukia pale mkekani ukaniuliza, mama, kwa nini unanyamaza? Hukuuliza. Siku nyingine niulize. Niulize hata mbele za watu.

Wala siwezi kukuahidi kwamba huko hakuna akina Kasiano. Watakuwepo darasani, na wengine watakuwa na miaka kumi na saba kama wewe, na watakuwa na utani mzuri zaidi. Mwalimu anaweza kukuita jina ukiwa umesimama kati ya vijana wa kiume, akatazama nyuma yako akimtafuta Skola. Utakuwa umechoka na safari, na itakuwa rahisi sana kutikisa kichwa kwa lolote atakalolisema.

Sema fani yako mwenyewe, mara ya kwanza watakapouliza, kabla mtu hajakujibia. Iwe ipi, iseme kwa ile sauti uliyomjibia mjomba wako swali lake la kwanza. Nilikuwa nimekaa pembeni yako na niliisikia. Kwenye mkeka ule wote, ni wewe peke yako uliyetaja kazi yako kwa jina lake.

Mama yako